Nguo Zilizokuwa Chumbani Mwako

Mwanangu Nuru,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na pumzi zako zikiwa nyepesi kifuani. Najua tuko nyumba moja, na kesho asubuhi nitakupa barua hii mkononi kabla hujaingia kwenye gari la kukupeleka stesheni. Lakini kuna maneno mtu hawezi kuyasema huku anatazamwa usoni. Sasa umetoka kwenda Kibokoni kuwaaga shangazi zako. Babako yuko zamu bandarini. Alasiri imeshaswaliwa, nami nimekaa kwenye meza ya kulia, nataka nimalize kabla sijasikia viatu vyako kwenye ngazi.

Sikuandikii habari za kupika, wala za kufunga mlango, wala za nani wa kumwamini huko Nairobi. Hayo nimekwambia mpaka umechoka, na mengine utajifunza bila mimi. Nakuandikia habari za nguo. Usicheke, mwanangu. Ukifika mwisho utaona kwamba si jambo la kucheka.

Jana nilipokuwa nakusaidia kupanga sanduku, nilitia mkono chini ya masweta kutafuta nafasi ya viatu, nikagusa mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na magauni mapya tisa, yote yana lebo shingoni. Nikakuuliza, "Haya ya nani?" Ukanijibu bila kugeuka, "Ya Fatma, Mama. Nampelekea dadake." Ulijibu upesi, sauti yako haikutetemeka. Nikasema, "Haya," nikayarudisha yalipokuwa. Kisha nikaenda jikoni nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, kwa sababu jibu lile nalijua. Lilikuwa langu mimi. Nililitumia miaka na miaka, na kila nilipolitumia sauti yangu haikutetemeka.

Wala si jibu peke yake. Tangu ulipopata barua ya kazi nimekuwa nikikutazama. Simu inalia, unatoka nayo roshani. Kijana wa bodaboda anapiga honi, unashuka mwenyewe, hutaki mtu akushukie. Unatoka na mkoba mtupu, unarudi nao umejaa, na uso wako una nuru ambayo haitokani na kitu chochote tulichoongea siku hiyo. Nuru ile naijua inawaka kwa muda gani. Najua pia kinachofuata ikizimika.

Kwa hivyo nisikilize.

Mimi nilizaliwa wa tano katika mabinti watano, na nguo iliponifikia ilikuwa imeshapita miili minne. Mamangu alikuwa hodari wa sindano, alijua kupunguza hapa na kuongeza pale, lakini rangi haidanganyi. Sikukuu moja, nilipokuwa na miaka tisa, nilikwenda viwanja vya Makadara nimevaa gauni la kijani la dadangu Maryam. Msichana mmoja wa mtaa wetu akaniuliza mbele ya wenzake, "Kwani Maryam amekufa? Mbona umeshamrithi?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana niliona nikilia watacheka zaidi.

Sikwambii haya nijipatie kisingizio. Dada zangu nao walirithiana nguo hizo hizo, na hakuna aliyekuwa kama mimi. Nakwambia tu kwamba nilipopata kazi ya ukarani kwenye ile ofisi ya mizigo ya Mbaraki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda mtaa wa Biashara nikanunua doti ya leso ambayo haikuwa imeguswa na mtu. Nilikaa nayo kitandani ikiwa imekunjwa, nikainusa. Ilinuka wanga na rangi. Nilihisi kama kuna mtu amesimama upande wangu. Kesho yake hisia ile haikuwapo, leso ilikuwa leso tu. Nikarudi kununua nyingine.

Baadaye ndipo nikamjua Mwanamisi. Humjui, au labda wamkumbuka kama mwanamke mnene mwenye hina mpaka kwenye viwiko aliyekuwa akikupa kaimati. Alikuwa akiuza mabuibui na madera katika sebule ya nyumba yake, Mji wa Kale, mizigo ya Dubai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kipawa kimoja tu: alijua nani ana njaa. Mzigo ukifika alinipigia simu kabla ya wengine, akaniambia neno moja: "Nimekuwekea." Mwanangu, hujui neno lile lilivyokuwa likiniingia. Katika maisha yangu yote hakuna aliyeniwekea kitu. Nilikuwa nikilisikia, mikono inawasha, na chochote nilichokuwa nikifanya nakiacha.

Wakati huo tulikuwa bado tunaishi Kibokoni, ghorofa ya pili, mimi na babako na Nyanya yako, mavyaa wangu, mamake babako, na wewe. Chumba chetu kilipojaa nguo nilianza kuingiza chumbani mwako. Kwanza chini ya kitanda, kisha juu ya kabati, kisha mbele ya dirisha, mpaka dirisha likawa halifunguki. Wewe ulikuwa na miaka saba, na pumu ilikuwa imeshakuanza. Wajua hewa ya kwetu ilivyo, na nyumba zile za zamani kuta zake hutoa jasho. Nguo zisizovaliwa hushika ukungu. Zilikuwa zikitoa harufu kama ya kitu kilichosahauliwa ndani ya maji, na wewe ulikuwa ukilala katikati yake.

Daktari aliniambia chumba cha mtoto huyu kiwe kitupu, kipate hewa, kusiwe na vitambaa vya kukusanya vumbi. Nikaitikia kwa kichwa. Siku hiyo hiyo nikatoa mifuko chini ya kitanda chako nikaipanga juu ya ile mingine iliyokuwa dirishani, nikajiona nimetii.

Na ulikuwa ukinisaidia. Sijui kama wakumbuka. Nikirudi na mfuko nilikuwa nakukuta kwa jirani yetu Bi Somoe, pale chini, nakupa kazi ya kutangulia ngazi kuangalia kama Nyanya yuko sebuleni. Ukikohoa mara moja, nipite. Ukikohoa mara mbili, nisubiri. Ulikuwa ukiifurahia kazi ile, ulikuwa waona ni mchezo wetu sisi wawili. Nilimfundisha mtoto mwenye pumu kukohoa kwa ajili yangu, na sikuona ajabu yoyote.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wewe unakumbuka hospitali. Unakumbuka kinyago cha hewa, na yule muuguzi aliyekuchorea paka kwenye bandeji. Yaliyotangulia hukuyajua, na uliloambiwa ni uongo.

Ilikuwa masika, mvua ya siku ya tatu. Mwanamisi akapiga simu baada ya adhuhuri: "Nimekuwekea, lakini njoo leo, kuna watu wanakiangalia." Wewe ulikuwa umerudi shule, kifua kikikoroma kidogo. Nikamwambia Nyanya, "Mama, nakwenda msibani Makadara, kafiwa mwenzangu wa kazini." Nikajitanda leso kama waendao matangani. Nyanya akasema, "Wamwacha mtoto na kifua hiki?" Nikamjibu, "Pampu yake ya pumu iko pale pale rafuni." Nikatoka.

Pampu haikuwa pale pale rafuni. Jana yake nilikuwa nimepanga mabuibui mapya kwenye rafu ile, nikaisukuma pampu nyuma, ikaangukia katikati ya mifuko. Niliisikia ikianguka. Niliisikia, Nuru. Nikasema nitaitoa kesho.

Kwa Mwanamisi nilikaa muda mrefu. Mvua ilikuwa ikipiga bati, wanawake wanacheka, kuna kahawa. Simu nilikuwa nimeizima sauti nikaitia mkobani, kwa sababu sikutaka mtu anipigie nikiwa msibani. Nilijaribu mabuibui saba mbele ya kioo. Nikachukua mawili. Nilipotoka mvua ilikuwa imekatika, na nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na furaha. Njiani nilikuwa nikimtengeneza yule maiti wangu: mwanamume, umri wake, watoto aliowaacha. Nilikuwa nimefika kwenye ugonjwa wa figo nilipofika mlangoni kwetu.

Ngazi ilikuwa imejaa nguo. Madera, mabuibui, mitandio, mengine yakining'inia kwenye reli, mengine yamekanyagwa, yana alama za miguu yenye matope. Huko juu mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na sauti. Nilisimama chini nikitazama nguo zangu zinavyoshuka ngazi kama zinazonikimbilia mimi, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mola anisamehe, ni nani aliyezichafua.

Bi Somoe akatoka. Akaniangalia, akauangalia mfuko mkononi mwangu.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Msibani."

"Wapi?"

"Makadara."

"Tumemtuma mtu Makadara," akasema. "Amezunguka mtaa mzima akiuliza matanga ya nani, amegonga kila mlango. Hakuna matanga Makadara leo, Mwanaisha."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto kapelekwa hospitali. Mavyaako kambeba mwenyewe mpaka kwenye tuktuk. Midomo ilikuwa imegeuka rangi."

Nililofanya baada ya hapo sijawahi kumwambia mtu, wala babako, wala Bi Somoe, ambaye alikuwa ameshageuka kuingia ndani. Kabla ya kukimbia, niliuficha mfuko. Niliusukuma nyuma ya pipa la maji, nikaufunika na gunia. Ndipo nikakimbia.

Nilikukuta umelazwa, kinyago usoni, mbavu zako zikiingia na kutoka. Nyanya alikuwa kwenye kiti, leso yake imelowa, miguuni hana viatu. Hakunipigia kelele. Alisubiri mpaka muuguzi akaondoka, akaniambia polepole, "Nilikuwa nikizitupa nguo nje nitafute pampu. Na huyu, pumzi hana, amenishika mkono ananiambia, 'Nyanya usizitupe, Mama atakasirika.'"

Babako alifika kutoka bandarini na ovaroli yake. Alipohakikisha u hai, alitushika mikono, akauliza swali ambalo baba yeyote angeuliza: "Pampu ilikuwa wapi?" Na mimi, kwa sauti ile ile isiyotetemeka, nikasema, "Mama aliihamisha alipokuwa akifagia. Akasahau."

Nyanya alikuwa amesimama hapo, karibu yangu, kama kiti hiki kilivyo karibu na meza. Alinitazama. Nikadhani sasa nimekwisha. Kisha akamgeukia mwanawe akasema, "Ndiyo. Nilisahau. Uzee huu."

Nawe ulikuwa macho. Ulisikia. Na tangu siku hiyo mpaka pumu ilipokuacha, ulikuwa ukimtania: "Nyanya, usiguse pampu yangu, utaipoteza tena!" Ulikuwa ukicheka, naye akicheka. Mara moja ulimwambia umemsamehe, akasema, "Ahsante, mama yangu." Mimi nilikuwa nakata vitunguu.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Nyanya yako hakupoteza kitu. Alikubeba mabegani katika mvua, akabeba na uongo wangu pamoja nawe, akaenda nao mpaka kaburini.

Ungedhani baada ya hapo nilipona. Mimi pia nilidhani. Nilidhani hofu kubwa kama ile itaniponya. Hofu hukaa siku chache, mwanangu, kisha inazoeleka kama kelele za barabarani. Siku ya tatu, wewe ukiwa bado hospitali, nilikwenda kwenye pipa la Bi Somoe nikauchukua mfuko wangu. Mabuibui yalikuwa yamelowa na yameanza kunuka. Niliyafua, nikayafukiza udi, na moja nililivaa nilipokuja kukutoa hospitali. Ulinishika upindo ukasema, "Mama, umependeza."

Nyanya alikataa urudi chumba kile. Alikuchukua akakupeleka kwa dadake Likoni, ukakaa huko miezi mitano. Wewe unaikumbuka kama likizo, wapenda kuhadithia bata wa Likoni. Haikuwa likizo. Alikuwa akikuondoa kwangu. Nilikuwa nakuja kila Ijumaa kukutazama kama mgeni, na kila nikikaa kwenye feri kurudi nilikuwa naapa.

Nilichofanya kwanza kilikuwa kosa. Jumamosi moja nilitoa kila kitu. Niliita jamaa, majirani, nikagawa mpaka chumba kikabaki na kitanda na dirisha. Watu walinisifu. Babako alinisifu. Wewe ukarudishwa. Lakini mimi nikiingia chumba kile nilikuwa nasikia nyayo zangu, na kila mahali palipokuwa na mfuko palikuwa kama panasubiri. Haikupita miezi miwili nikaanza tena. Safari hii sikuleta nyumbani. Nilikuwa naficha ofisini, kwenye kabati la faili za meli za zamani. Mpaka siku ambayo mkubwa wangu alitafuta faili, akavuta mlango, na madera kumi na kitu yakamwagika miguuni pake mbele ya ofisi nzima. Akayatazama. Akauliza, "Mwanaisha, hizi ni faili za meli gani?" Wakacheka wote. Nami nikacheka pamoja nao, kama nilivyocheka nikiwa na miaka tisa. Niliisikia sauti yangu ikicheka na nikaogopa, maana nilielewa kwamba miaka yote ile, na nguo zote zile, sikuwa nimesogea hata hatua moja kutoka pale Makadara.

Nikarudi nyumbani nikamweleza babako habari za nguo za ofisini. Habari za pampu sikumweleza.

Waniuliza basi niliachaje. Ningependa kukupa siku na saa, lakini haikuwa hivyo. Niliacha kidogo kidogo, na kwa aibu. Safari ya pili sikugawa kwa mkupuo. Nilikuwa natoa nguo moja, naivaa kutwa nzima ndani ya maisha yangu: naenda nayo kazini, napikia, napanda nayo ngazi na kapu la Marikiti. Nyingi zilishindwa kabla ya adhuhuri. Mikono mirefu inaingia mchuzini, kitambaa kinashika jasho. Ndipo nikaona kwamba miaka yote nilikuwa nikimnunulia mwanamke mwingine, anayealikwa kila mahali, asiyepika, asiyepanda tuktuk, asiyecheka ovyo akionewa. Nilimvisha na kumvisha, wala hakuwahi kutokea.

Nilifuta namba ya Mwanamisi. Kichochoro chake sikukipita kwa miaka minne, nilikuwa nazunguka, hata jua likiwa kali. Na mikono ilipowasha, nilichukua nguo moja niliyokuwa nayo nikaifua kwa mkono, taratibu, nikakagua mishono, nikaanika, nikaikunja ikiwa na joto la jua. Sijui kwa nini hilo lilinisaidia wakati dua na viapo havikunisaidia. Labda kwa sababu sikuwa nachukia nguo. Nilikuwa nazipenda, ila nilizipenda mpaka zinapofika mlangoni tu.

Leo wajua nilivyo. Upande mmoja wa kabati, mwingine wa babako. Mabuibui matatu, madera sita, doti nne za leso, gauni moja la kuendea harusi. Kila moja nalijua: hili limelegea kwapa, hili nimelishona pindo mara mbili, hili la bluu nalivaa nikiwa na la kusema. Gauni la harusi nimelivaa mpaka limekuwa mzaha. Kwenye harusi ya mwisho pale Ganjoni, mke wa mjombako alinipima juu mpaka chini:

"Hili si lile la harusi ya Aziza?"

"Ndilo."

"Na ya Khadija?"

"Ndilo hilo."

"Eh! Haya."

Nikangoja ardhi ipasuke. Haikupasuka. Akaendelea na biriani yake.

Ningemalizia hapo ningekuwa nimekudanganya. Maana siku ile ile, kabla sijatoka ukumbini, mkono ulinishika kutoka nyuma. Mwanamisi. Amekonda, meno mawili hana, lakini hina ni ile ile. Akaniambia, "Mbona ulinitupa, mwenzangu? Kuna kitu kimenijia wiki hii. Nimekuwekea." Nuru, mikono ikaanza kuwasha. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumwuliza ni rangi gani. Nilitoka nikasimama kwenye uwanja wa magari mpaka shughuli ikaisha. Kwa hivyo sikwambii kwamba jambo hili hushindwa. Nakwambia kwamba halina haraka.

Nawe wenda mahali ambapo mlango utakuwa wako peke yako. Hapa ulikuwa na ngazi, na mimi, na babako, na majirani wenye macho. Hapa ilikubidi ufiche, na mwenye kuficha angalau bado anajua kuna kitu. Huko hutakuwa na wa kumficha. Huko Nairobi, mtaa wa Islii, nasikia, maduka yamepandana ghorofa juu ya ghorofa, na simu yako hailali. Watakuwekea. Kila siku watakuwekea, watu ambao hata jina lako hawalijui.

Yale magauni sitayatoa sandukuni. Nilikuwa na mchana mzima wa kuyatoa, na mara mbili niliingia chumbani mwako nikasimama. Lakini nguo zangu zilitolewa kwa nguvu mara moja, zikatupwa ngazini na mwanamke aliyekuwa akimpigania mjukuu wake, na hata hiyo haikunifundisha. Sitakuuliza tena ni ya nani.

Siku za mwisho za Nyanya, wewe ukiwa kidato cha pili, nilikaa kando ya kitanda chake nikajaribu kumwomba radhi. Akanikatiza. "Sikukubebea wewe," akasema. "Nilimbebea mwanangu, nyumba yake isivunjike. Lakini Nuru mwambie. Usingoje mpaka afanane na wewe."

Nami nikangoja.

Babako akirudi zamu leo nitamweleza mwenyewe, yote, pampu na pipa la maji. Amemlaumu mamake kimoyomoyo miaka yote hii, na alimzika hivyo. Sijui atafanya nini. Huenda asubuhi ukatukuta hatuongei, na ukadhani ni majonzi ya kukuaga. Usimwulize kitu. Panda gari, uende kazini kwako, barua hii uisome treni ikishapita Mariakani.

Nina ombi moja, si amri. Siku yoyote ukinipigia simu ukanisikia nina furaha nyingi, nacheka, na sina habari yoyote ya kukupa, niulize: "Mama, umenunua nini?" Usinionee haya, usinistahi, uliza. Nami nikikusikia hivyo nitakuuliza. Huenda nikakudanganya. Huenda wewe ukanidanganya, kwa sauti isiyotetemeka, na mwenzio atajua. Basi aliyeuliza asikate simu. Akae pale pale, kimya, hata kama ni muda mrefu, mpaka mmoja wetu aseme kweli.

Mola akufikishe, mwanangu, na akulinde huko ambako macho yangu hayafiki.

Ni mimi mamako,
Mwanaisha